Mwali wa Uluguru: Historia ya Kuwekwa Ndani na Kutolewa Nje

Milima ya Uluguru, inayoinuka kusini mwa mji wa Morogoro na ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kinafikia mita zipatazo 2,630 juu ya usawa wa bahari, ilikaliwa kwa awamu na makundi ya watu waliopanda kutoka tambarare, wengine wakitafuta mvua na ardhi yenye rutuba, wengine wakikimbia njaa na vita. Watu hao walikuja kuitwa Waluguru, yaani watu wa milimani. Hawakuwa na mfalme mmoja, kwa kuwa hata Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa uwezo wa kuleta mvua, hakuwatawala wote. Kilichowaunganisha ni utaratibu wa kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa lukolo, yaani ukoo mkubwa, wa mama yake, na ndani ya lukolo alikuwa wa tombo, ambalo ni tawi dogo la watu waliotokana na bibi mmoja na waliomiliki kwa pamoja mashamba ya eneo fulani. Mkuu wa ukoo, aitwaye mndewa, kwa kawaida alikuwa mwanamume, lakini cheo chake kilitoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada, na kwa sababu hiyo tawi lililokosa mabinti lilikuwa tawi linalokufa, hata kama lilikuwa na wanaume hamsini wenye nguvu.

Kutokana na mpangilio huo ni rahisi kuelewa kwa nini kuvunja ungo kwa msichana, yaani kupata hedhi yake ya kwanza, kulihesabiwa kuwa habari ya ukoo mzima kabla ya kuwa habari yake mwenyewe. Tawi lilikuwa limepata mtu wa kuliendeleza, mtu ambaye watoto wake wangerithi mashamba na majina ya wazee, na tukio kubwa kiasi hicho halikuweza kupita kimyakimya. Historia ya unyago, yaani mafunzo na sherehe za kumvusha msichana kutoka utotoni, mara nyingi imeandikwa kama ugomvi kati ya mila na dini, au kati ya giza na elimu, kutegemea nani ameshika kalamu. Kwa Uluguru maelezo hayo hayatoshi. Kila mara unyago ulipopingwa milimani humo, awe aliyeupinga ni padri, ofisa wa serikali au mwalimu mkuu, jambo lililogombewa hasa lilikuwa muda wa msichana: nani alikuwa na haki ya kuitumia ile miezi iliyofuata baada ya kuvunja ungo, na kwa kazi gani.

Desturi zenyewe zilifanana na za majirani ambao nao wanafuata ukoo wa mama, yaani Wazaramo, Wakwere, Wakutu, Wakami, Wazigua, Wanguu na Wakaguru, ingawa kila kabila, na wakati mwingine kila bonde, lilikuwa na namna yake. Msichana alipoona damu hakumwendea mama yake mzazi, kwa sababu kati ya mama na binti kulikuwa na heshima iliyozuia mazungumzo ya mambo ya mwili. Alimwambia bibi yake, ambaye kwa mila alikuwa na utani naye na aliweza kumweleza lolote bila haya. Bibi ndiye aliyepeleka habari kwa wakubwa, na tangu siku hiyo msichana aliitwa mwali, akaingizwa ndani ya nyumba na kukabidhiwa kwa kungwi, mwanamke mzoefu aliyepewa kazi ya kumfunda.

Kukaa ndani kulikuwa na maana kamili ya maneno hayo. Mwali alitengewa sehemu ya nyumba isiyofikiwa na mwanga, akalala kwenye mkeka, akaletewa chakula na maji, na alipolazimika kutoka kwa haja alijifunika nguo kuanzia kichwani hadi miguuni ili asionekane na mwanamume yeyote. Hakutakiwa kupaza sauti. Alizungumza kwa kunong'ona, au aligonga kitu kidogo kuashiria kuwa ana shida. Hakulima, hakutwanga, hakuteka maji. Katika jamii ambayo mtoto wa kike alibeba kuni na ndoo tangu akiwa na umri wa miaka sita au saba, mapumziko ya namna hiyo yalikuwa gharama kubwa kwa jamaa zake, na familia isiyokuwa na mikono ya kutosha shambani ilimtoa mwali wake mapema. Familia yenye uwezo ilimweka kwa miezi mingi, na zamani hata kwa zaidi ya mwaka, kiasi kwamba alipotoka ngozi yake ilikuwa nyororo na mwili umejaa. Watu walipomwona walijua bila kuambiwa kwamba jamaa zake wana chakula ghalani na wanampenda.

Kazi yake humo ndani ilikuwa kusuka ukili, kusikiliza na kukumbuka. Kungwi na wanawake waliomsaidia walimfundisha kwa mizungu, yaani mafumbo ya nyimbo, vitendo na vitu vya kuonyesha, ambayo maana yake ilifichuliwa hatua kwa hatua na ambayo aliyeyapata aliapa kutoyatoa kwa wanaume wala kwa wasichana ambao hawajavushwa. Mafundisho yalihusu usafi wa mwili wakati wa hedhi, maisha ya unyumba, uzazi, miiko ya chakula na ya moto, namna ya kuongea na wakwe, na kwa upana kabisa jinsi ya kukaa na watu. Siyo yote yaliyokuwa mapole. Msichana aliyejulikana kwa kiburi au kwa ulimi mrefu alisubiri siku za kufundwa kwa hofu, kwa maana kosa alilomfanyia mkubwa miaka miwili nyuma lingeweza kukumbushwa hapo, kwa wimbo wa kumsema au kwa kufinywa, na makungwi hawakuwa watu wa kusahau.

Kati ya vitu alivyokabidhiwa mwali, kimoja kimesafiri mbali kuliko mwali yeyote. Hicho ni mwana hiti, mwanasesere mdogo wa mti, mara nyingi mwenye urefu usiofika sentimita 20, aliyechongwa kama gogo la mviringo lisilo na mikono wala miguu, lenye kichwa kinachogawanyika juu kuwa vishungi viwili vya nywele, na mara nyingine lenye alama ndogo za matiti na kitovu. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha shanga na kulala naye, na iliaminika kwamba uzembe katika kumtunza ungeweza kumletea ugumba. Umbo hilo hilo lilichongwa kwenye fimbo za wakubwa, kwenye ala za muziki na kwenye viti vyenye mgongo mrefu vilivyokaliwa na watu wa cheo, jambo linaloonyesha kwamba lilikuwa nembo ya uhai wa ukoo na lilipita mbali mchezo wa kitoto. Wachuuzi wa sanaa wa Ulaya waliling'amua hilo mapema, na leo mwana hiti wa Uluguru, Uzaramo na Ukwere wamo katika makumbusho na makusanyo ya watu binafsi ng'ambo, wakiwa wamewekwa kwenye kabati za vioo na kuandikiwa vibao visivyosema ni mikono ya nani iliyowang'arisha kwa mafuta.

Siku ya kumtoa mwali ilipangwa baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba, wakati mvua za masika zimekwisha, njia za milimani zinapitika na nafaka ya kupikia pombe ipo. Pombe ndiyo iliyoamua tarehe: haikuwezekana kuwaita jamaa wa ukoo wa mama, jamaa wa ukoo wa baba, majirani na watani wakaja kutazamana midomo mikavu. Usiku wa kuamkia siku hiyo ngoma ilichezwa mpaka alfajiri. Katika maeneo mengi ya ukanda huu mwali pia alipelekwa porini kwenye mti wa mkole, ambao kwa Wazaramo, kama alivyoeleza kwa kirefu Marja-Liisa Swantz katika kitabu chake cha mwaka 1970, ulikuwa mti wa uke na uzazi. Asubuhi mwali alionyeshwa kwa watu akiwa amepakwa mafuta, amevaa nguo mpya na shanga, amebebwa mabegani ili miguu yake isiguse ardhi, macho ameyainamisha chini, huku wanawake wakipiga vigelegele na jamaa wakimtunza kwa fedha, nguo au kuku. Watani walikuwa na kibali cha kudai, kutukana na kufanya vituko ambavyo siku nyingine vingeleta ugomvi. Utani wa Waluguru ulikuwa mpana kiasi cha kumfanya mwanaanthropolojia James Boyd Christensen auandikie makala maalumu mwaka 1963.

Upande wa wavulana una historia fupi zaidi ya kusimulia, kwa kuwa jando, yaani tohara na mafunzo yake, lilifanana kwa kiasi kikubwa na la pwani na lilizidi kufanana nalo kadiri Uislamu ulivyoenea milimani mwanzoni mwa karne ya 20. Wavulana walikusanywa wakati wa kiangazi katika kumbi, ambalo ni banda la miti na majani lililojengwa mbali na makazi, wakatahiriwa na ngariba, na wakakaa humo mpaka vidonda vipone, wakifundishwa nyimbo, ustahimilivu na adabu kwa wakubwa. Kumbi lilichomwa moto walipoondoka, nao hawakuruhusiwa kugeuka kulitazama. Tofauti muhimu ni kwamba wavulana walivushwa kwa kundi na msichana wa Kiluguru alivushwa peke yake, kwa saa ya mwili wake. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa katika yaliyotokea baadaye, kwa sababu kundi la wavulana lingeweza kusubiri likizo au kibali, lakini hedhi haikuweza kuahirishwa.

Wataalamu wameusoma utaratibu huu kwa njia mbalimbali. Arnold van Gennep, Mfaransa aliyeandika mwaka 1909, alionyesha kwamba sherehe za namna hii duniani kote zina hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati pasipo hadhi yoyote, na kurudishwa katika jamii kwa hadhi mpya. Audrey Richards, aliyeshuhudia chisungu, yaani unyago wa Wabemba wa Zambia, mwaka 1931 na kuitolea kitabu mwaka 1956, alikuta desturi inayofanana na ya Uluguru kwa watu ambao nao wanafuata ukoo wa mama. Kuhusu Uluguru penyewe, James L. Brain alichapisha mwaka 1978 makala iliyoitafsiri desturi ya mwali kama kuzaliwa upya kwa ishara: giza la nyumba ni tumbo la uzazi, ukimya na kutofanya kazi ni hali ya kiumbe ambaye bado hajazaliwa, na kubebwa mabegani ni kubebwa kwa mtoto mchanga. Tafsiri hiyo inashawishi, ila inamtazama mwali peke yake. Mtu aliyesimama uani siku ya kutoka angeona pia kwamba ukoo wa mama ulikuwa ukitangaza mbele ya ukoo wa baba na mbele ya wachumba kwamba mrithi wa mashamba yake sasa yupo.

Katikati ya karne ya 19 utulivu wa kumweka binti ndani kwa miezi mingi ulikuwa tayari umetikiswa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita chini ya milima, na Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Kizigua, alijenga mji wenye ngome mahali palipokuja kuwa Morogoro, mji ambao Henry Morton Stanley aliupitia mwaka 1871 na kuuita Simbamwenni. Kuishi juu milimani kulikuwa kinga kwa kiasi, lakini wanawake waliochukuliwa utumwani kutoka bara walifika pwani na visiwani wakiwa na mafunzo yao kichwani. Unyago wa Zanzibar, ambao mwalimu wake mashuhuri kuliko wote alikuwa Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, kwa sehemu ulitokana na wanawake wa namna hiyo.

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza Bagamoyo mwaka 1868 na kufika Mhonda mwaka 1877, walifungua misheni ya Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, mwaka 1897. Kwao unyago ulikuwa na makosa mawili. La kwanza, na ndilo waliloliandika zaidi, lilikuwa nyimbo na michezo waliyoiona kuwa ya aibu. La pili halikusemwa sana, lakini ndilo lililouma: msichana aliyewekwa ndani hakuweza kufika kwenye mafundisho ya ubatizo wala shuleni, na alipotoka alikuwa tayari kuolewa na mtu aliyechaguliwa na wajomba, mara nyingi binamu, wakati sheria ya Kanisa ilikataza ndoa za ndugu wa karibu bila ruhusa maalumu. Misheni nayo ilikuwa na miezi yake ya kufunda, walimu wake, siri zake, nguo nyeupe na siku ya kutolewa mbele za watu. Peter Pels, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu mikutano ya wamisionari na Waluguru, aliziweka sherehe hizi katikati ya uchunguzi wake, na kwa haki, kwa kuwa hapo ndipo pande mbili zilipokutana zikiwa zinafanya kazi ya aina moja kwa mtu yuleyule.

Huko kusini, Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana alichukua njia nyingine, akalibatiza jando lenyewe kwa kuliweka chini ya mapadri, na jaribio lake lilijulikana hadi Ulaya. Uluguru haukupata Lucas wake. Familia nyingi za Kikatoliki zilijifunza kugawa siku: mwali aliwekwa ndani kwa majuma machache, akafundwa kwa faragha bila ngoma ya kusikika misheni, kisha akarudi kanisani, na padri mwenye busara hakuuliza sana. Katika vijiji vya Waislamu walimu wa madrasa walikemea pombe na baadhi ya nyimbo, lakini tohara ilikuwa sunna na mafunzo ya hedhi na udhu yaliingiliana na ya kungwi bila ugumu mkubwa, ndiyo sababu unyago haukuhitaji kujificha sana huko.

Serikali ya kikoloni haikuupiga vita unyago moja kwa moja. Iliula kidogo kidogo. Kodi ya nyumba iliyowekwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1898, reli ya kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 na mashamba ya mkonge ya tambarare viliwavuta wanaume chini, na kazi walizoacha ziliangukia mikono ya wanawake na mabinti, kwa hiyo kumtoa msichana mmoja katika hesabu ya wafanyakazi kwa mwaka mzima kukawa mzigo usiobebeka. Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1950, ulikuja mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, kazi nzito ambayo kwa udongo mwembamba wa sehemu nyingi ilipunguza mavuno badala ya kuyaongeza. Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochunguza mgogoro huo na kuchapisha kitabu mwaka 1960, waligundua kwamba serikali ilikuwa imeshughulika na machifu iliowatambua yenyewe na kuwapita wakuu wa koo, ambao ndio walioigawa ardhi na waliopokea ngoto, yaani malipo madogo ya mgeni aliyelima ardhi ya ukoo usio wake. Walewale waliopuuzwa katika suala la matuta ndio waliosimamia pia kuwavusha vijana, na baada ya uhuru, vyeo vya machifu vilipofutwa mwaka 1963, wao hawakuwa na cheo cha serikali cha kupoteza, hivyo wakaendelea.

Badiliko kubwa kuliko yote lililetwa na darasa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977, na sheria ya elimu ya mwaka 1978 ikaifanya ya lazima. Kwa mara ya kwanza karibu kila binti wa Uluguru, awe wa Kinole au wa Mgeta, alikuwa na daftari la mahudhurio lililomsubiri kila asubuhi, na mzazi aliyemweka ndani alijikuta akijibu maswali ya mtendaji wa kijiji. Wazee hawakupinga kwa maneno. Walilitenga jambo la mwili na jambo la sherehe: msichana akivunja ungo bibi alimfunda mambo ya lazima usiku mmoja au siku chache, akarudi shuleni, na kumweka ndani pamoja na kumcheza, yaani kumfanyia ngoma ya kumtoa, kukasubiri likizo ya Juni, au kumaliza darasa la saba, au hata kupatikana kwa mchumba. Wengine walianza kuwacheza wasichana wawili watatu wa jamaa moja kwa pamoja ili kugawana gharama ya chakula na ngoma, na kwa hatua hiyo unyago wa Kiluguru ukaacha kufuata saa ya mwili na kuanza kufuata kalenda, kama jando.

Mjini Morogoro na Dar es Salaam, ambako Waluguru wengi walihamia, sehemu ya mafunzo iliingia katika kicheni pati, shughuli ya wanawake ya kumfunda bibi harusi iliyoshamiri kuanzia miaka ya 1990, yenye ukumbi wa kukodi, sare za vitenge na somo, yaani mfundaji, mwenye kipaza sauti. Makungwi wa zamani huidharau kwa sababu humfunda mtu anayejua tayari, tena mbele ya umati, na dharau hiyo ina msingi. Hata hivyo wengi wao huitikia wakialikwa, kwa kuwa malipo yake ni mazuri kuliko ya kijijini.

Ugomvi wa sasa umehamia kwenye umri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na watetezi wa watoto walidai kwamba sherehe ya kumtoa mwali hutumika kutangaza kuwa binti yuko tayari. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikipinga kifungu hicho mahakamani, akashinda katika Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena katika Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Mwaka 2016 pia ada ilifutwa katika shule za umma hadi kidato cha nne, hivyo binti aliyevunja ungo akiwa na miaka 13 huwa na miaka kadhaa ya masomo mbele yake. Makungwi wa vijijini wameipokea hali hiyo kwa namna yao: mwali wa likizo hufundwa mambo ya usafi, heshima na kujihadhari na wanaume, na mizungu ya unyumba huwekwa akiba hadi siku atakapoposwa, ingawa wajomba bado huja siku ya kumtoa kuhesabu nani wa tombo lao amekua, kwa maana mashamba ya mteremkoni yangali yakipita kwa upande wa mama.